Je, Wajua? Pishi na Kibaba, Vipimo vya Nafaka vya Pwani

Je, wajua ya kuwa kabla ya kilo kuenea masokoni, watu wa pwani ya Afrika Mashariki walizoea kupima mchele, mtama na kunde kwa ujazo wa chombo kuliko kwa uzito wa mizani? Msingi wa hesabu hiyo ulikuwa kibaba, kikadiriwacho kuwa ratli moja na nusu ya nafaka, nacho ndicho kilichokuwa posho ya kawaida ya mpagazi kwa siku katika misafara ya bara ya karne ya 19. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na visaga viwili vikatimiza pishi, yaani ratli 6, au karibu kilo 2.7.

Mpango huu wa vibaba 4 kwa pishi moja unawafikiana na vipimo vya Madina, ambako mudi 4 hufanya kipimo kimoja kiitwacho saa. Na kwa sababu hiyo wanazuoni wetu, wanapofasiri hukumu za Zakatul-Fitri, huiita saa hiyo pishi.

Tena wauzaji walipambanua baina ya kibaba cha tele, kilichojazwa hata nafaka ikainuka juu ya ukingo, na kibaba cha mfuto, kilichosawazishwa juu yake. Na kwa kuwa Kurani imewaonya wapunjao vipimo katika sura ya 83, iitwayo Al-Mutaffifin, uadilifu wa pishi haukuwa shauri la biashara peke yake, bali ulikuwa amana ya dini na sharti la heshima ya mtu.