Ukihitaji Dola 2,000, Omba Dola 2,000

Kila mwaka wa masomo unapoanza katika vyuo vikuu vya Marekani, viongozi wapya wa vyama vya wanafunzi wa Afrika Mashariki huja na swali lile lile: tukihitaji dola 2,000 kwa usiku wetu wa utamaduni, tuombe ngapi ili serikali ya wanafunzi ikikata nusu tusipungukiwe? Jibu ni dola 2,000. Swali lenyewe ndilo bovu, na limeviponza vyama vingi vilivyostahili kupewa kila senti.

Linakotoka kunajulikana. Aliyekulia karibu na soko la Kariakoo, Dar es Salaam, anajua kwamba bei ya kwanza ya kitenge si bei, ni mwaliko wa kupatana. Kamati ya fedha ya wanafunzi haipatani na mtu. Inagawa ada ambayo kila mwanafunzi hulipa, wajumbe wake wakiwemo, na inaipitisha bajeti mstari kwa mstari. Mjumbe aliyeona maombi kadhaa ya chakula muhula huo huo anajua sahani moja inauzwaje mjini. Mstari unaosema “Chakula: dola 1,800” hautamfanya akate nusu kwa mazoea. Utamfanya aulize: watu wangapi, mgahawa gani, mwaka jana walikuja wangapi? Mweka hazina asiye na majibu hapo ameangusha ombi zima, pamoja na ukumbi na ngoma ambazo bei zake zilikuwa za kweli.

Tena, hata wakiidhinisha zote, ziada haiingii mkononi mwa chama. Hapa ndipo mbinu ya kuomba zaidi inapokosa hata faida ya ujanja. Mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya Rosenberger dhidi ya Chuo Kikuu cha Virginia. Wanafunzi waliochapisha jarida la Kikristo, Wide Awake, waliomba mfuko wa ada za wanafunzi ulipe gharama za uchapaji: dola 5,862. Ada yenyewe ilikuwa dola 14 kwa kila mwanafunzi kila muhula, na fedha zilikuwa zikienda moja kwa moja kwa mchapaji, si kwa wanafunzi. Katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Madison nako, kumbukumbu za kesi ya Southworth ya mwaka 2000 zinaonyesha kwamba vyama vilirejeshewa gharama baada ya kuwasilisha risiti au ankara. Hadi leo vyuo vingi hufanya hivyo. Chama kilichopewa 4,000 kikatumia 2,000 hubaki na karatasi tu: salio hurudi kwenye mfuko wa ada mwaka wa fedha unapofungwa, na mwaka unaofuata kamati inaona wazi kwamba kiliomba mara mbili ya mahitaji yake.

Kesi hizo mbili zina uzito kwa sababu kubwa zaidi, na inasikitisha kwamba viongozi wengi wa vyama hawajazisikia. Wide Awake lilinyimwa fedha kwa kuwa la kidini. Kwa kura tano dhidi ya nne, Mahakama ikasema chuo cha umma hakiwezi kulibagua jarida kwa ajili ya mtazamo wake. Huko Wisconsin wanafunzi waliolipa ada ya dola 331.50 kwa mwaka wa 1995–96 walipinga kuchangia vyama wasivyokubaliana navyo. Majaji wote tisa walikubaliana kwamba chuo kinaweza kudai ada hiyo, na wengi wao wakaweka sharti kwamba mgawo wake usipendelee mtazamo wowote. Mahakama ikatilia shaka hata utaratibu wa wanafunzi kupiga kura ya wengi kukipa au kukinyima chama fedha.

Maana yake kwa chama kidogo ni kubwa mno. Katika chuo cha umma, kamati hairuhusiwi kuwakatalia kwa sababu ninyi ni Waislamu, ni Wapentekoste, mnakosoa serikali fulani au maoni yenu ni ya wachache. Inabakiwa na yanayopimika: bei, mahudhurio, tarehe, manufaa kwa wanafunzi. Anayetia chumvi kwenye bei anaipa kamati sababu halali ya kumkatalia, na akija kulalamika kwamba amebaguliwa, bajeti yake mwenyewe itamsuta.

Yaliyobaki ni kazi ya jioni moja. Sajili chama kwanza; bila usajili fomu haisomwi. Soma kanuni za mfuko, kwa kuwa mifuko mingine hailipii chakula, zawadi wala safari. Andika “pilau na kuku, watu 80, dola 11 kwa sahani, jumla dola 880” na uambatishe bei ya mgahawa kwa maandishi. Weka na mahudhurio ya mwaka jana. Uliza kama chuo kimesamehewa kodi ya mauzo kabla ya kuijumlisha. Usinunue chochote kabla ya idhini. Mweka hazina aende mwenyewe kwenye kikao, na aseme ni mstari upi ungefutwa kwanza fedha zikipungua. Chuo binafsi hakibanwi na hukumu hizi, kwa hiyo huko soma kanuni za chuo chenyewe. Mkikataliwa, ombeni sababu kwa maandishi siku hiyo hiyo, maana muda wa kukata rufaa huwa mfupi.