Zuhura na Sinia la Pilau
Bodaboda ilimgonga paka wetu Zuhura mbele ya baraza yetu, Mji wa Kale, Mombasa, mimba yake ikiwa wiki ya saba. Mama akakimbilia panadol. Nikamshika mkono: paracetamoli ni sumu kwa paka, hata nusu kidonge. Tulimtelezesha juu ya sinia la pilau, tukamfunika leso (paka mwenye maumivu humng'ata hata ampendaye), tukapanda tuktuk.

Mimi nilitaka habari za watoto tu. Daktari wa mifugo akamfunua mdomo. Fizi nyeupe kama chokaa, dalili ya mshtuko au damu kuvuja ndani. "Mama kwanza, mwanangu. Akienda yeye, wameenda wote." Oksijeni, dripu, dawa ya maumivu. Ndipo akaleta altrasaundi: mioyo mitatu ikipiga mbio, zaidi ya mara 200 kwa dakika. Wa nne kimya.

Hakumpasua. Paka hubeba mimba siku 63 hadi 65 hivi; wangetolewa siku ile wasingeishi. Yule mfu, akaniambia, huweza kukauka mlemle tumboni wenzake wakiendelea kukua. Nikarudi na onyo: akitokwa na damu au uchafu unaonuka, au akihema mdomo wazi, nisingoje kupambazuke.