Je, Wajua? Beit el-Ajaib, Kasri la Seyyid Barghash

Je, wajua ya kuwa Seyyid Barghash bin Said, aliyetawala Zanzibar tangu 1870 hata 1888, aliwahi kuhamishwa Bombay kwa sababu ya uasi wake wa 1859 dhidi ya nduguye Seyyid Majid, na huko akayaona kwa macho yake majumba ya fahari ya Bara Hindi? Alipokalia kiti cha enzi, aliazimia mji wake nao uwe na haiba ya namna hiyo, na mwaka 1883 ikasimama Beit el-Ajaib, iliyokusudiwa hafla na dhifa za dola: orofa zake zilizungukwa na roshani pana zilizobebwa na nguzo za chuma, na milango yake mikubwa ya mbao ilinakshiwa aya za Kurani zilizotiwa dhahabu.

Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilizipiga mizinga nyumba za kifalme, kasri jirani likabomoka, lakini Beit el-Ajaib ikasalimika.

Nasi wa Kipushi tusidhani habari hii ni ya mbali, kwani katika zama za Seyyid Barghash pembe za ndovu na shaba za Katanga, kutoka nchi ya Mwami M'siri wa Bunkeya, zilichukuliwa na misafara hata pwani ya Zanzibar.

Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu ya jengo la Beit el-Ajaib iliporomoka. Kuihifadhi athari hii adhimu ni amana juu ya kila aithaminiye historia yetu.