Mhitimu katika benki ya kimataifa: Shahada humfikisha mlangoni tu

KILA mwaka vyuo vikuu vya Afrika Mashariki huingiza mitaani maelfu ya wahitimu, na wengi wao hupeleka maombi sehemu zinazofanana: programu za mafunzo kazini za benki kubwa za kimataifa. Nafasi huwa chache. Anayeipata hupongezwa na ndugu na jamaa kana kwamba ameshapata ajira ya kudumu.

Ukweli ni kwamba hapo ndipo mtihani mrefu unapoanza. Programu nyingi huchukua mwaka mmoja hadi miwili, na kwa muda wote huo benki humtazama kijana ikijiuliza swali moja: je, huyu anaweza kukabidhiwa fedha za watu wengine?

Benki hizi si wageni katika ukanda huu. Iliyokuwa Standard Bank, leo Standard Chartered, ilianza kazi Kenya mwaka 1911, Uganda 1912 na Tanganyika 1917. Baadaye zikaja benki zilizozaliwa hapa hapa na kuvuka mipaka. KCB ya Kenya iliingia Tanzania mwaka 1997, na CRDB ya Tanzania ikaingia Burundi mwaka 2012, kisha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo mwaka 2023. Kwa kijana wa leo, kufanya kazi katika benki ya kimataifa kunaweza kumaanisha makao makuu yaliyoko London, na kunaweza pia kumaanisha makao makuu yaliyoko Nairobi au Dar es Salaam.

Mchujo

Safari huanza na fomu ya mtandaoni, kisha majaribio ya hesabu na mantiki yanayohesabiwa kwa dakika. Hufuata usaili ambao mara nyingi mwombaji huzungumza na kamera peke yake, huku maswali yakijitokeza kwenye kioo cha kompyuta.

Wanaobaki huitwa kwenye siku ya tathmini. Hupangwa katika makundi, wakapewa karatasi za kampuni inayoyumba na kutakiwa kukubaliana cha kufanya. Wasaili hukaa pembeni wakiandika. Wengi hudhani anayezungumza sana ndiye anayeshinda. Wasaili humtafuta pia anayesikiliza, anayemvuta mezani mwenzake aliyenyamaza, na anayekubali kubadili msimamo takwimu zinapombana.

Aidha, benki nyingi hazidai shahada ya uhasibu au fedha pekee. Waliosoma uhandisi, sheria au hata lugha hupita, kwa kuwa kazi yenyewe itafundishwa ndani.

Kutoka dirishani hadi hazina

Mhitimu huzungushwa idara hadi idara, kila moja kwa wiki au miezi kadhaa. Kwa wengi kituo cha kwanza ni tawini, na huko wenye shahada za daraja la kwanza hugundua kwamba kuhesabu noti mbele ya foleni ndefu ni ujuzi unaojitegemea. Jioni hesabu zinapofungwa, upungufu hutafutwa stakabadhi moja baada ya nyingine, uwe wa elfu kumi au wa milioni kumi. Hakuna anayeondoka kwa kusema ni fedha ndogo.

Idara ya biashara ya nje humfundisha uzito wa neno. Mfanyabiashara wa Kigali anayeagiza mzigo kutoka ng'ambo kupitia bandari ya Dar es Salaam au Mombasa anaweza kuiomba benki yake imuahidi muuzaji kwamba atalipwa akiwasilisha nyaraka sahihi. Benki hushughulika na nyaraka, haiendi kufungua kontena. Kwa mujibu wa kanuni za Chemba ya Biashara ya Kimataifa zijulikanazo kama UCP 600, zilizoanza kutumika Julai 1, 2007, benki ina siku tano za kazi, si zaidi, kuzikagua.

Hapo kijana hukaa na ankara na hati ya shehena akilinganisha mstari kwa mstari. Ahadi ikitaja "takriban" tani 100, tofauti ya hadi asilimia 10, juu au chini, inakubalika. Tofauti isiyoruhusiwa ikimpita, benki inaweza kulipa fedha ambazo mteja wake atakataa kuzirudisha.

Katika mikopo hukutana na jambo linalowashangaza wengi: dhamana si jambo la kwanza kuangaliwa. Hutangulia tabia ya mkopaji, uwezo wa biashara yake kuzalisha fedha za kulipa, mtaji aliouweka mwenyewe na hali ya soko. Nyumba iliyowekwa rehani ni kimbilio la mwisho, na kuiuza huchukua muda, gharama na machozi ya familia.

Mkubwa akisema 'nipitishie'

Pamoja na hayo yote, somo gumu kuliko mengine halimo katika hesabu. Benki imejengwa juu ya kanuni kwamba mtu mmoja huingiza muamala na mwingine huuidhinisha. Kila mmoja ana nenosiri lake, na halitolewi kwa yeyote.

Kanuni hiyo ni rahisi kuikariri darasani. Inakuwa nzito pale afisa aliyekaa kazini miaka 15, anayemfundisha kijana na atakayeandika ripoti yake, anapomwambia: "Mdogo wangu, nipitishie hii haraka, mteja ni mtu wetu." Kijana aliyelelewa kuamkia wakubwa na kutowajibu anatakiwa kusema kwa adabu: "Samahani dada, naomba nione kwanza hati ya mteja."

Sababu ya ukali huo ina historia. Mwaka 1995 benki ya Barings ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1762, ilianguka kwa hasara ya pauni milioni 827 iliyosababishwa na mfanyakazi wake wa Singapore, Nick Leeson, aliyekuwa na umri wa miaka 28. Leeson alikuwa akifanya biashara na wakati huo huo akisimamia ofisi ya kuihakiki biashara hiyo, hivyo aliweza kuficha hasara katika akaunti namba 88888. Benki hiyo iliuzwa kwa ING ya Uholanzi kwa pauni moja.

Ndiyo maana pia benki nyingi humlazimisha mfanyakazi kwenda likizo ya siku mfululizo, ili mwingine akae kwenye kiti chake na kilichofichwa kionekane.

Fedha huvuka, mtu husubiri

Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika Julai 1, 2010, ikiahidi uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka na nchi kutambuliana vyeti. Kanuni zake zinaelekeza mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi, na kibali hicho kinaweza kuwa cha hadi miaka miwili, muda unaotosha programu nzima.

Hata hivyo, kila nchi iliorodhesha aina za kazi inazozifungua, na kazi ya kujifunza ni vigumu kuitetea kuwa haina mwenyeji wa kuifanya. Matokeo yake, benki yenye matawi katika nchi kadhaa inaweza kuhamisha fedha kutoka Kampala hadi Dar es Salaam siku hiyo hiyo, lakini kumhamisha mwanafunzi wake ni suala la makaratasi. Ukanda unaotaka mabenki yanayoijua Goma, Bujumbura na Mwanza kwa pamoja hauna budi kuwaachia vijana wake wazijue.

Kabla ya kutia saini

Kwa anayejiandaa kuingia, mambo matatu yanafaa kuulizwa mapema. Je, kumaliza programu kunahakikisha ajira, au nafasi hushindaniwa upya? Je, mkataba unamdai arudishe gharama za mafunzo akiondoka kabla ya muda fulani, na ni kiasi gani? Je, ni nani hasa atakayempima, na kwa vigezo gani?

Kuuliza hivyo si utovu wa shukrani. Benki inayomfundisha kijana kusoma kila mstari kabla ya kuidhinisha haiwezi kumlaumu akianza na mkataba wake mwenyewe.