Lenzi ya Kale Yataka Jicho na Adabu

Ya kale ni dhahabu, walinena wahenga, na wapenda picha wanalijua hilo vyema. Lenzi mpya za kuvuta mbali, zenye tundu kubwa la mwanga, huuzwa kwa bei ya kumtoa mtu jasho. Ndiyo maana vijana wengi sasa huzitafuta lenzi za zamani, wakazifunga kwenye kamera za kisasa kwa pete ya kuunganishia.

Mojawapo iliyojipatia sifa ni Nikkor ya milimita 105, yenye tundu la f/2.5. Kampuni ya Nikon ya Japani iliitoa kwa kamera ya Nikon F mwaka 1959, na mwaka 1971 ikabadili mpangilio wa vioo vya ndani. Gawanya 105 kwa 2.5 upate 42. Huo ndio upana wa tundu kwa milimita. Mwanga huingia kwa wingi, hata mpiga picha asihitaji kuwamulika watu machoni kwa taa.

Tuseme uko kwenye Maulidi ya Lamu, vijana wanacheza kirumbizi na jua lakaribia kuzama. Lenzi hii haijitengenezi yenyewe. Sharti uizungushe pete kwa mkono mpaka jicho la mchezaji lionekane wazi. Ukifungua tundu lote, kitakachokuwa wazi ni kipande chembamba tu: uso utaonekana, na umati ulio nyuma utafifia kama ukungu. Bana viwiko mbavuni, wala usipige kwa mwendo wa chini ya sehemu 1 kwa 125 ya sekunde. Bakora zikianza kuruka, panda hadi 1 kwa 500.

Ama kwa sisi watu wa pwani, adui wa lenzi ni unyevu. Kuvu huota juu ya kioo kama nyuzi za buibui. Kabla ya kununua, mulika tochi ndani ya lenzi na utazame vizuri. Ukishanunua, usiifungie kabatini ndani ya mkoba wa ngozi. Iweke mahali pakavu, na uitumie mara kwa mara.

Lakini lililo zito zaidi si kioo. Mwaka 1984, Mmarekani Steve McCurry alitumia lenzi ya aina hii hii kumpiga picha binti mmoja wa Kiafghani katika kambi ya wakimbizi karibu na Peshawar, Pakistan. Picha hiyo ilitokea kwenye jalada la National Geographic, Juni 1985, na macho yake yakajulikana dunia nzima. Jina lake halikujulikana. Alipopatikana mwaka 2002, ndipo ulimwengu ulipojua kuwa ni Sharbat Gula, mke na mama wa watoto. Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kuiona picha ile. Alichokumbuka ni kwamba alikasirika: mgeni asiyemjua alimpiga picha, naye hakuwa amepigwa picha kabla ya siku hiyo.

Hapo ndipo penye funzo. Lenzi humleta mtu karibu na mwenyewe hana habari. Mama aliyekaa kibarazani, au mzee anayetoka msikitini, anaweza kuchukuliwa sura yake kutoka ng'ambo ya njia, na jioni hiyo hiyo ikasambaa kwa simu hadi kwa watu asiowajua.

Katika Suratun-Nur tumeamrishwa tusiingie nyumba zisizo zetu mpaka tuombe idhini na tuwatolee salamu wenyewe. Uso wa mtu nao una mlango wake. Basi wewe mwenye lenzi, sogea kwanza kwa miguu yako, toa salamu, ueleze unachotaka. Ukikubaliwa, piga, kisha umpelekee nakala yake. Ukikataliwa, shusha kamera, ushukuru, uende zako. Picha uliyoikosa haitakuletea lawama.