Sisimizi Jikoni: Tufute Njia Kabla ya Kupuliza Dawa

Tukiona msafara wa sisimizi ukielekea kwenye kopo la sukari, wengi wetu hukimbilia dawa ya kupulizia. Twapuliza pale pale tunapokatia mboga na kupozea uji wa mtoto, na baada ya siku chache msafara umerudi. Dawa imewaua wafanyakazi tu. Malkia yumo kiotani akitaga.

Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza kuua sisimizi, na wanazuoni wengi huruhusu pale wanapodhuru na hawaondoki kwa njia nyingine. Njia nyingine ipo, nayo ni rahisi kuliko dawa. Sisimizi huongozwa na harufu wanayoiacha wenzao. Tuifute yote kwa maji ya sabuni au siki, tangu kwenye chakula hadi kwenye ufa wanamotokea, kisha ufa tuuzibe. Kopo la asali likae katika sahani ya maji, kama bibi zetu walivyosimamisha miguu ya kabati ndani ya makopo ya maji. Tone la sabuni humo huwazuia kutembea juu ya maji. Mwezi wa Ramadhani, makombo ya tende yafagiliwe kabla ya kwenda tarawehe.