Jina Lile Lile, Chipu Nyingine

Laptopu ikirudi kutoka kwa fundi baada ya kubadilishwa bodi au chipu ya michoro, wengi wetu tunafanya ukaguzi mmoja tu. Tunaiwasha, tunaangalia kama picha imetulia, kisha tunafungua pale panapoandikwa jina la kadi. Jina likiwa ni lile la zamani, tunalipa na kuondoka. Kwa mwenye kazi za kuandika barua na kujaza majedwali, hilo linatosha. Kwa anayehariri video, anayechora majengo kwa AutoCAD au anayecheza michezo mizito, jina hilo ni shahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu watengenezaji wa chipu wana tabia ya kuvipa jina moja vitu visivyofanana.

Chukua GeForce MX150, kadi iliyotolewa na NVIDIA mwaka 2017 na ambayo bado imejaa kwenye laptopu za mtumba. Mwaka uliofuata, wapimaji wa tovuti ya Notebookcheck waligundua kwamba chini ya jina hilo kulikuwa na matoleo mawili. La kwanza lilipangiwa wati 25, spidi yake ya msingi ikiwa megahezi 1469 na ya juu 1532. La pili lilibanwa hadi wati 10 ili liingie kwenye laptopu nyembamba, nalo lilianzia megahezi 937 na kufika 1038. Kumbukumbu ya toleo hilo la pili pia ilikuwa ya polepole zaidi. Silikoni ni ileile, GP108, na idadi ya viini vya hesabu ni ileile, 384. Windows huandika “MX150” kwa yote mawili bila kupepesa macho. Aliyenunua hakuambiwa, na muuzaji mwenyewe mara nyingi hakujua.

Sasa fikiria laptopu yenye toleo la wati 25 imepata ajali ya maji, na fundi akapata bodi nyingine inayoingia kwenye kasha lilelile lakini ina toleo la wati 10. Kila kitu kitawaka. Jina litakuwa sahihi. Video iliyokuwa ikitoka kwa dakika kadhaa itaanza kuchelewa, na mwenye mashine ataambiwa apunguze programu au aongeze RAM.

Namna ya kulijua hili haihitaji kufungua hata skrubu moja. Kwenye Windows ingia Device Manager, fungua Display adapters, bofya jina la kadi mara mbili, nenda kwenye Details, kisha chagua Hardware Ids. Utaona mstari unaoanza na PCI\VEN_10DE&DEV_1D10 na kuendelea. Mstari huo unatisha kwa sura tu. Tarakimu zinazofuata VEN zinamtaja mwenye chipu: 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, na 8086 ni Intel, ambao kwa mzaha wa wahandisi walijipa namba ya prosesa yao ya mwaka 1978. Zinazofuata DEV ndizo za kushikilia. Kwa MX150, 1D10 ni ile ya wati 25 na 1D12 ni ile iliyobanwa. Kwa anayetumia Linux, amri ya lspci -nn inatoa jozi hiyohiyo bila safari ndefu ya kubofya.

Kuna kipande kingine cha mstari huo ambacho mafundi wengi hawakisomi: SUBSYS, chenye tarakimu nane. Nne za mwisho zinamtaja mtengenezaji wa laptopu. 103C ni HP, 1028 ni Dell, 17AA ni Lenovo, 1043 ni Asus na 1025 ni Acer. Kwenye zile laptopu chache ambazo kadi ya michoro ni kipande cha kuchomoa na kuchomeka, kiitwacho MXM, tarakimu hizi mara nyingi hufichua kwamba kadi iliyowekwa ilitoka kwenye mashine ya kampuni nyingine. Si kosa peke yake, ila ujue kwamba mpangilio wa feni na wa kuzima skrini unaweza kugoma. Kwenye laptopu ambazo chipu imelehemiwa moja kwa moja kwenye bodi, usizitegemee: kwa kawaida namba hiyo huandikwa na BIOS ya bodi, kwa hiyo fundi anaweza kubadilisha chipu na SUBSYS ikabaki vilevile.

Ukishaijua namba ya kadi, tazama kumbukumbu yake. Programu ya bure ya GPU-Z inaonyesha aina ya kumbukumbu na upana wa njia yake kwenye ukurasa wa kwanza. GeForce 8600M GT, kadi ya mwaka 2007 ambayo nitairudia hapa chini, iliuzwa ikiwa na DDR2 ya megahezi 400 kwenye baadhi ya mashine na GDDR3 ya megahezi 700 kwenye nyingine. Kwa njia ya biti 128, ya kwanza hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde na ya pili 22.4. Ukubwa unaweza kuwa megabaiti 256 kwa zote mbili, na ukubwa ndio watu wanaouuliza. Miaka mingi baadaye 940MX ilirudia mchezo huo kwa DDR3 na GDDR5. Ukitaka swali moja la kumwuliza muuzaji wa bodi ya mtumba, acha lile la “ina jibii ngapi”. Uliza aina.

Kwa laptopu za kuanzia mwaka 2021, zenye RTX za familia ya 3000, habari kubwa iko kwenye wati. RTX 3060 ya laptopu inaweza kupangiwa wati 60 au 115 na bado ikaitwa RTX 3060. RTX 3080 ya laptopu iliachiwa nafasi ya kuanzia 80 hadi 150 na zaidi. Anayeamua ni kampuni iliyojenga laptopu, kupitia programu ndogo iliyochomwa ndani ya bodi. Ukibadilisha bodi, au fundi akichoma upya programu hiyo kwa faili la mashine ya jamii yake, umebadilisha kadi bila kuigusa. Kiasi kilichopangwa kinasomeka ndani ya NVIDIA Control Panel, kwenye System Information. Na kabla hujamshuku fundi, tazama chaja uliyoichomeka. Chaja ndogo kuliko ile ya asili huifanya mashine ijibane yenyewe.

Mpaka hapa tumezungumzia tofauti ambazo kompyuta inaweza kuzisema ikiulizwa vizuri. Ipo moja ambayo haiwezi kuisema kabisa, na ndiyo iliyowatesa mafundi wa dunia nzima.

Julai 2008 NVIDIA ilitangaza kwamba inatenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zikifa kwa wingi usio wa kawaida. Chipu za familia ya G84 na G86, yaani 8600M, 8400M na ndugu zake, ndizo zilizozungumzwa zaidi. Dell na HP walitoa BIOS mpya zilizofanya feni zizunguke mapema na kwa muda mrefu zaidi, jambo ambalo liliahirisha kifo bila kukizuia. Apple iliambiwa na NVIDIA kwamba mashine zake hazimo, ikachunguza yenyewe, na Oktoba mwaka huohuo ikakiri kwamba MacBook Pro zilizotengenezwa kati ya Mei 2007 na Septemba 2008 zikiwa na 8600M GT zinaweza kuathirika, ikaahidi kuzitengeneza bure.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa wapi? Chipu ya michoro ina tabaka mbili za viungo. Ya nje ni vile vishanga vya lehemu vinavyoiunganisha na bodi, ambavyo fundi anavifahamu. Ya ndani ni vitone vidogo zaidi vinavyokishika kipande cha silikoni juu ya kibao chake, pamoja na gundi inayojazwa katikati. Malighafi ya tabaka hiyo ya ndani ndiyo iliyokuwa dhaifu. Laptopu inapata joto, inapoa, inapata joto tena. Vitone vinavutwa huku na huku hadi vinapasuka. Picha inaanza kuwa na mistari, kisha skrini inabaki nyeusi huku feni ikizunguka.

Ndiyo maana mamia ya mashine “zilizotengenezwa” zilirudi kwa mafundi baada ya muda mfupi. Kuipiga chipu joto la hita, au kuiinua na kuiwekea vishanga vipya chini, ni kushughulikia tabaka isiyo na kosa. Ni sawa na kuziba paa wakati bomba la ndani ya ukuta ndilo linalovuja. Joto lile huvirudisha vitone vya ndani kwa muda, picha inakuja, mteja anashukuru, na hesabu ya siku inaanza upya. Siwaiti mafundi hao matapeli wote. Wengi waliona mashine inafufuka mbele ya macho yao na wakaamini wameitibu.

Tiba ilikuwa chipu iliyotengenezwa upya kwa malighafi nyingine. Na hapa ndipo mwenye laptopu anapohitaji macho badala ya programu, kwa sababu silikoni haikubadilika. Mashine itasoma 10DE na 0407 kwa 8600M GT mbovu na kwa ile iliyorekebishwa. Tofauti imeandikwa mgongoni mwa chipu yenyewe. Kwenye MacBook Pro, chipu ya awali ilikuwa G84-602-A2, na iliyorekebishwa ni G84-603-A2. Kwa 8400M GS nyingi, G86-630-A2 ilipisha G86-631-A2. Herufi na tarakimu za mwisho, A2, hazikubadilika, na wengi walidanganyika kwa kuzitazama hizo tu.

Basi mteja mwangalifu aliyepiga picha chipu yake kabla ya kuiacha dukani, akaja kukuta namba tofauti, angeweza kugomba kwamba amewekewa kitu kisicho chake. Angekuwa anaigombea chipu mbovu. Katika kisa hiki namba iliyolingana na ya zamani ndiyo ya kulalamikia.

Karibu na namba hiyo kuna tarakimu nne zinazotaja tarehe: mbili za kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni wiki. 0735 ni wiki ya 35 ya mwaka 2007. Chipu ya G84 yenye tarehe hiyo, hata ikiwa inang’aa na imetoka kwenye pakiti, ni ya kipindi kibaya. Kwenye soko la vipuri kuna chipu zilizong’olewa kwenye bodi za zamani, zikasafishwa, zikawekewa vishanga vipya na kuuzwa kama mpya. Nyingine husuguliwa mgongo na kuandikwa namba nyingine. Maandishi ya kiwandani ni ya leza: membamba, yenye kingo safi, na hayatoki ukiyafuta kwa spiriti. Yakitoka, mazungumzo yenu yamebadilika.

“Fundi, hii chipu ni ya mwaka gani?”

“Mpya kabisa hiyo, bosi.”

“Naomba niione kabla hujafunga bomba la kupoza.”

Fundi anayejua kazi yake hatachukia ombi hilo. Wengi wao siku hizi hupiga picha wenyewe ili kujilinda, maana mteja naye huweza kuja mwezi mmoja baadaye na chipu aliyobadilishiwa na mtu mwingine.

Kuna matengenezo mengine ambayo hayabadilishi toleo la kadi bali huiondoa kabisa. MacBook Pro za inchi 15 za mwaka 2011 zilikuwa na kadi za AMD, kama Radeon HD 6490M na 6750M, zilizokufa kwa wingi kiasi kwamba Apple ilifungua mpango wa kuzitengeneza bure Februari 2015. Mpango ulipofungwa, njia ya bei nafuu iliyobaki ilikuwa kuizima AMD, kwa kubadilisha mpangilio wa ndani au kutoa rezista moja ndogo, na kuiacha mashine itumie Intel HD 3000 iliyomo ndani ya prosesa. Kwa kazi za kawaida ni suluhisho la heshima. Lakini projekta haitawaka tena, kwa sababu tundu la skrini ya nje limeunganishwa na AMD. Mwalimu au mhubiri anayenunua mashine hiyo kwa ajili ya maonyesho anapaswa kuambiwa kabla hajatoa hela.

Usikimbilie hitimisho hilo kila unapoona jina la Intel tu, hata hivyo. Tangu mwaka 2010 laptopu nyingi zenye NVIDIA hutumia mfumo wa Optimus, unaoilaza kadi kubwa wakati hakuna kazi nzito. Programu ya dxdiag inaweza kukuonyesha Intel kwenye ukurasa wa Display huku NVIDIA ikiwa imelala salama. Device Manager huonyesha zote mbili. Isipoonyesha ya pili hata baada ya kuweka draiva ya kampuni iliyotengeneza laptopu, hapo rudi kwa fundi.

Namba zote zikilingana, bado ipe mashine kazi nzito ya nusu saa ukiwa dukani, GPU-Z ikiwa imefunguliwa kwenye ukurasa wa Sensors. MX150 ya wati 25 inapaswa kukaa karibu na megahezi 1500. Ikianza hapo kisha ikashuka hadi 900 huku joto likipanda, toleo ni sahihi ila haipoi: pesti imewekwa vibaya, pedi za kumbukumbu zimesahauliwa, au bomba la kupoza halijakaa sawa. Hiyo ni kazi ya kufungua skrubu na kufunga upya, na haipaswi kulipiwa mara ya pili.